Mtoto na Bunduki ya Kwanza katika Uzaramo

Historia ya silaha imeandikwa mara nyingi kwa kuhesabu vita na kwa kutaja majina ya waliopiga na waliopigwa. Ni mara chache mwandishi hujiuliza swali lililo dogo kwa sura lakini kubwa kwa maana: mtu alishika bunduki kwa mara ya kwanza akiwa na umri gani, ni nani aliyemtia mkononi, na aliambiwa kuwa ni ya kazi gani? Bunduki haimjii mtoto peke yake. Huja na mtu mzima nyuma yake, na mtu mzima huyo ana shauri lake. Huyu ataka mpunga wake usiliwe. Yule ataka pembe na ng'ombe wa jirani. Mwingine ataka kiti cha enzi. Kwa hiyo anayeichunguza bunduki ya kwanza ya mtoto huyachunguza kwa hakika mawazo ya wazee wake.

Makala haya yanalitazama jambo hilo kutoka Chamazi. Leo Chamazi ni kata ya Temeke katika Mkoa wa Dar es Salaam, mahali pa nyumba zilizosongamana, daladala zitokazo Mbagala na Mbande, na uwanja wa mpira unaojulikana na mashabiki wa nchi nzima. Lakini ardhi ile ni ya Uzaramo, nayo ilikuwa nchi ya mashamba, mikorosho, minazi na vichaka kabla mji haujaifikia. Upande wake wa bahari ulikuwapo mji wa kale wa Mbwamaji, na upande wake wa bara vilikuwapo vilima vya Pugu. Njia za biashara, njia za vita na njia za serikali zote zilipita karibu, na kila njia ilipitisha bunduki zake.

Tuanze na maneno, maana maneno ni shahidi asiyelipwa. Kiswahili kina msamiati mkubwa wa silaha hii. Kuna bunduki ya gumegume, iliyowashwa kwa jiwe. Kuna bunduki ya fataki, iliyokuja baadaye. Na kuna gobore, jina linalotumika hata sasa kwa bunduki yoyote inayotiwa baruti kwa mdomo wa mtutu. Kuna mdeki, ule ufito wa kushindilia. Kuna marisau, vile vidonge vidogo vya kupigia ndege. Kuna mtambo, kitako na shabaha. Lugha haijitungii maneno mengi namna hii kwa kitu inachokiona kwa mbali. Watu wa mrima waliishi na bunduki, wakaitengeneza, wakaiazima, wakairithi, na wakaipiga hewani katika harusi na sikukuu kama walivyoipiga porini.

Bunduki hizo zilikuja kwa biashara. Katika karne ya 19 ardhi ya Uzaramo ilichimbwa sandarusi, ile gundi iliyofukiwa mchangani tangu zama za kale, nayo ilipelekwa pwani, ikavuka hadi Unguja, ikanunuliwa na wafanya biashara wa Marekani na Ulaya ili kutengenezea vanishi. Baruti na bunduki zilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizorudi kwa njia ile ile. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadilisha silaha zao kila baada ya miaka michache, na zile kuukuu zilitafutiwa soko Afrika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza katika Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki zilizoingia Afrika ya Mashariki kwa njia ya kisiwa hicho zilikuwa baina ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Hata tukiipunguza hesabu hiyo kwa nusu, twaona wazi kwamba mtoto aliyezaliwa nyuma ya pwani wakati ule hakuweza kukua bila kuiona bunduki mikononi mwa mtu amjuaye.

Je, mtoto huyo aliikaribiaje? Ili kujibu yafaa tuikumbuke kazi ya shamba. Mpunga unapotoa masuke huvamiwa na ndege mchana na nguruwe usiku. Mchana watoto huamia: hukaa shambani tangu alfajiri wakipiga kelele, wakitikisa kamba zilizofungwa makopo, na kurusha mawe kwa teo au kombeo. Usiku ni zamu ya wakubwa, ambao hulala juu ya dungu, ule ulingo wa miti ulioinuliwa ili mtu aone mbali na asifikiwe na mnyama. Basi baina ya teo la mchana na gobore la usiku ilikuwapo ngazi, na kila kidato chake kilikuwa kazi. Aliyeweza kuwafukuza ndege aliweza kuaminiwa kufukuza kima. Aliyeweza kukesha bila kusinzia aliweza kupanda dunguni na baba au mjomba. Kutoka hapo kulishika gobore si muujiza; ni kupanda kidato kingine.

Chombo chenyewe kilikuwa mwalimu mkali. Gobore ni refu kumpita mtoto mdogo, na ni zito upande wa mbele. Apigaye humimina kwanza kipimo cha baruti, hutia kitambaa au makumbi, hushindilia kwa mdeki, hutia risasi au marisau, hushindilia tena, kisha huweka fataki na kuuvuta mtambo nyuma. Baruti ikizidi, mtutu hupasuka na kumjeruhi mwenyewe. Ikipungua, mnyama hujeruhiwa na kumgeukia mwindaji. Ikilowa, kazi yote ni bure. Na baada ya mlio mmoja hakuna wa pili mpaka safari nzima irudiwe, wakati moshi umemziba macho na kitako kimempiga bega. Kwa hiyo mwenye pupa hakufaa, na asiyefika urefu hakuweza. Umri haukuandikwa katika karatasi yoyote. Uliandikwa katika urefu wa mkono na utulivu wa moyo. Naliita jambo hili lango la chuma, maana chuma chenyewe kilimkataa mtoto kabla mzee hajamkataa.

Juu ya lango hilo lilikuwapo la pili, lango la wazee. Baruti ilikuwa ghali na bunduki ilikuwa mali ya nyumba. Kijana hakuichukua ukutani kama achukuavyo jembe. Alipewa na mtu mwenye jina, kwa usiku wenye kazi, na asubuhi alidaiwa hesabu ya fataki alizotumia. Ndani ya hesabu hiyo ndogo kulikuwa na elimu yote ya dhamana: ulipewa ngapi, umerudisha ngapi, na zilizopungua zimempiga nani?

Lakini tusijidanganye kwa kuyasifu ya kale yote. Katika bara ile ile ya karne ya 19 ilikuwapo njia nyingine ya kumpa kijana bunduki. Mirambo, mtawala mashuhuri wa Unyamwezi aliyefariki mwaka 1884, aliijenga dola yake kwa nguvu za rugaruga, na wengi wao walikuwa vijana wasio na mke wala shamba. Henry Stanley alikutana naye mwezi Aprili 1876, akaandika kwamba mtawala huyo aliwapendelea vijana wadogo kuliko watu wazima kwa kazi ya vita. Sababu ni nyepesi kuifahamu. Mtu mzima hufikiri juu ya nyumba yake. Kijana asiye na nyumba hufikiri juu ya sifa. Hapa bunduki haikuwa kidato cha ngazi iliyoanza shambani. Ilikuwa badala ya shamba, badala ya ukoo, na badala ya mahari. Twajifunza, basi, kwamba lango la wazee lina thamani pale tu wazee wenyewe wanapotaka mtoto arudi nyumbani. Wakitaka asirudi, wao ndio humfungulia.

Mwaka 1888 watu wa mrima walipigana na kampuni ya Wajerumani iliyotaka kushika forodha zao. Vita hivyo vilifika Dar es Salaam, na mwezi Januari 1889 misheni ya Pugu ilishambuliwa. Wajerumani walishinda kwa bunduki bora zaidi, na tangu hapo wakajua kwamba kuitawala nchi ni kuzitawala silaha zake. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipiga marufuku kuwauzia Waafrika bunduki za kisasa katika eneo kubwa lililoanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Gobore liliachwa chini ya macho ya serikali. Bunduki ya risasi za kutia nyuma ikawa ya askari na ya Mzungu. Sheria za wanyama zikafuata tangu mwaka 1896, na uwindaji ambao jana ulikuwa kazi ya kila mwenye shamba ukawa jambo la kuombewa ruhusa.

Matokeo yake yalionekana shambani kabla hayajaonekana vitani. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, katika makala yake ya mwaka 1997 juu ya njaa na nguruwe pori wa Uzaramo, ameonyesha jinsi mambo hayo yalivyofungamana na Vita vya Majimaji. Wanaume walipotwaliwa kwa kazi za pamba na za mishahara, na uwindaji ulipobanwa, nguruwe waliyaingia mashamba, na mzigo wa kuyalinda ukawaangukia wanawake. Tuongeze hapa jambo linalohusu mada yetu: palipokosekana baba, bunduki na dungu, ile ngazi ya mtoto nayo ilikatika. Kijana alibaki na teo lake, na juu yake hakuona kidato cha pili. Mwaka 1905 vita vilipowaka, Uzaramo nao ulikuwamo, na jumbe Kibasila, ambaye jina lake limepewa shule ya sekondari katika Temeke, alinyongwa na Wajerumani. Watu waliambiwa kuwa maji yangezigeuza risasi ziwe maji. Si ajabu kwamba ahadi hiyo iliwavuta watu ambao silaha zao zilikuwa zimebanwa kwa miaka mingi. Mwenye bunduki hana haja ya kuomba risasi igeuke maji.

Wakati huo huo njia nyingine ya kuijua bunduki ilifunguka, nayo ni ya kambi. Askari wa Kijerumani aliishi na mke, watoto, na mara nyingi na mtoto wa kumtumikia, aliyembebea vitu vyake safarini. Watoto hao waliijua bunduki kwa kuibeba na kuisafisha muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kuipiga, na wengine wao walikuja kuwa askari wenyewe. Ukilinganisha na dungu, ngazi ipo, lakini mwisho wake umegeuka. Mtoto wa dunguni alijifunza kulinda. Mtoto wa kambini alijifunza kutii. Utawala wa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza haukubadili msingi huo.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 swali lilirudi kwa sura mpya: je, taifa huru liwape vijana wake bunduki? Mwaka 1963 lilianzishwa Jeshi la Kujenga Taifa. Mwezi Januari 1964 wanajeshi wa kambi ya Colito, inayoitwa leo Lugalo, waliasi, na serikali ikatambua kwamba jeshi lililorithiwa kwa mkoloni lilifundishwa kushika bunduki bila kufundishwa ni ya nani. Jeshi jipya likaundwa mwaka huo huo, na Jeshi la Kujenga Taifa likawa shule ya kijana wa Tanzania, ambamo alifundishwa jembe asubuhi na silaha kwa zamu yake. Kambi moja mashuhuri ya jeshi hilo, Mgulani, iko Temeke yenyewe.

Wasomaji wa jarida hili wanaijua sura iliyofuata, maana ilitendeka katika chuo. Serikali ilipotaka wahitimu wa sekondari ya juu na wa vyuo watumikie taifa kwa miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo wakilipwa asilimia 40 tu ya mishahara yao, wanafunzi waliandamana tarehe 22 Oktoba 1966. Rais Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, naye akaupunguza mshahara wake mwenyewe. Katika ugomvi ule ulioitwa wa mishahara kulikuwa na jambo la ndani zaidi. Nyerere alitaka msomi aishike silaha pamoja na jembe kabla ya kushika kalamu ya ofisini, ili ajue kwamba vyote vitatu vimenunuliwa kwa jasho la mkulima. Mwaka 1971, baada ya Guinea kuvamiwa, Mwongozo wa TANU uliwataka wananchi wajitayarishe kuilinda nchi, na mgambo wakafundishwa mijini na vijijini. Mafunzo ya lazima kwa vijana waliomaliza shule yalisimamishwa mwaka 1994, yakarejeshwa mwaka 2013. Hivyo taifa lilijenga lango la tatu, lango la sheria: bunduki ya kwanza humkuta kijana baada ya shule, mbele ya bendera, na huirudisha ghalani jioni.

Majirani zetu hawakupata lango hilo, au walilivunja, na lugha yetu imebeba aibu yake. Katika Kiswahili cha bara, udogo huonyeshwa pia kwa kiambishi *ka-*, na mtoto mdogo huitwa *kadogo*. Neno hilo la mapenzi, la kuitia mtoto aje ale, liligeuka kuwa cheo cha vita. Jeshi la Yoweri Museveni lilipoingia Kampala mwezi Januari 1986 lilikuwa na makadogo waliobeba bunduki. Jeshi la Laurent Kabila, lililoiteka Kinshasa mwezi Mei 1997, lilikuwa nao wengi, na tarehe 16 Januari 2001 Kabila mwenyewe aliuawa katika jumba lake na mmoja wa walinzi wake waliotokana na kundi hilo. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai ilimhukumu Thomas Lubanga kifungo cha miaka 14 kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15 katika Ituri. Hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama hiyo.

Kwa nini rugaruga wa karne mbili aliendelea kuwa mtoto mdogo zaidi? Sehemu ya jawabu imo katika chuma. Bunduki ya Kalashnikov ina uzito wa kilo 4 hivi, haina mdeki wala baruti ya kupima, na risasi 30 hukaa katika kikasha kimoja. Haimdai apigaye urefu wala utulivu. Lile lango la chuma, lililomkataa mtoto kwa ukali wake, limeondoka duniani bila mtu kulitangazia matanga.

Na Chamazi? Mtoto wa pande hizo leo hajui dungu, wala hajalala shambani kusubiri nguruwe. Ameijua silaha kwa mlango mwingine. Tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya silaha ya kambi ya jeshi ya Mbagala yalilipuka. Watu zaidi ya 20 walikufa, nyumba nyingi zikabomoka, na watoto wakapotezana na wazazi wao katika mbio za siku ile. Tarehe 16 Februari 2011 msiba wa namna hiyo uliifika Gongo la Mboto. Mwezi Agosti 2016 polisi wanne waliuawa kwa risasi Mbande, na silaha zao zikaporwa. Kizazi kizima cha upande huo wa mji kimejifunza bunduki kwa sauti yake na kwa mazishi yake, bila mzee wa kukieleza.

Wapo wasemao kwamba dawa ni kumfundisha mtoto mapema, wakitoa mfano wa Marekani, ambako katika familia nyingi za mashamba baba humpa mwanawe bunduki ndogo, akamfundisha kulenga kopo, na chama cha skauti hutoa nishani ya kulenga shabaha. Hoja yao si ya kudharauliwa. Ni kweli kwamba kitu kinachofichwa huvuta, na kwamba anayeijua bunduki huiogopa inavyostahili. Lakini hoja hiyo husahau nusu ya somo. Mtoto wa dunguni hakufundishwa kulenga tu. Alifundishwa kazi ambayo kulenga kulikuwa sehemu yake ya mwisho. Alijua mpunga ule ni wa nani, na njaa ingekuwa ya nani. Ondoa shamba, acha shabaha, na utakuwa umempa mtoto jibu la swali ambalo hajaulizwa. Wahenga walisema, mtoto akililia wembe mpe. Nao walisema hivyo wakati wembe ulikuwa ukimkata yeye peke yake. Bunduki humkata jirani.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha inamtaka mwombaji athibitishe uwezo wake wa kuitumia silaha, na hilo ni jema. Lakini sheria hulinda ghala; haiwezi kukaa na mtoto usiku mzima ikimweleza kwa nini hatupigi mpaka tumeona vizuri. Kazi hiyo ilikuwa ya baba na mjomba, na haikuhitaji baruti hata kidogo. Yaweza kufanywa leo katika nyumba ya Chamazi isiyo na bunduki, na shule iliyo karibu na kambi, kwa kuwasimulia watoto habari za dungu, za rugaruga, za Majimaji na za makadogo, kila moja kwa jina lake na mwaka wake, bila kuficha ni mzee gani alikuwa nyuma ya kila mtutu. Katika malango matatu yaliyotajwa hapa, la chuma limevunjika na la sheria liko mikononi mwa serikali. La wazee ndilo lililobaki mikononi mwetu, nalo hufungwa kwa maneno.